Siku Bi Zamoyoni Alipowekwa Katikati

Nchi ninayoisimulia usijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Mtaalamu aliyetumwa kuichora alifika mpakani, akapewa fomu ya kuingilia, na mpaka leo anaijaza. Lakini nchi ipo. Ina wimbo wa taifa wenye beti kumi na nne, ina mawaziri wa kutosha na wa akiba, na ina Hospitali Kuu, ambako mimi nilikuwa karani wa raundi.

Huenda kwenu cheo hicho hakipo, kwa hiyo nitaeleza. Kila siku saa nne asubuhi daktari bingwa hupita wodini na watu wake kuwaona wagonjwa. Hiyo ndiyo raundi. Kazi yangu ilikuwa kufuata nyuma na daftari, nikiandika nani kahudhuria. Bingwa nilimwandika. Wasaidizi wake niliwaandika, na wanafunzi wake, na mtu wa kubeba mafaili, na mtu wa kumsaidia mtu wa kubeba mafaili. Wagonjwa sikuwaandika kwa sababu hawakuwa wamealikwa. Walikuwapo tu.

Wodi yetu ilikuwa ya akina mama, Wodi ya Saba, vitanda thelathini. Bingwa wetu aliitwa Profesa Kasiano Lugendo, msomi ambaye vyeti vyake vilijaza kuta za ofisi, vikatoka mlangoni na kuendelea kwenye korido mpaka karibu na choo. Nawaomba msimfikirie vibaya. Alikuwa mtu mwenye moyo, hasa kwa mafaili. Akifika penye kitanda alilipokea faili kwa mikono miwili, akalifungua taratibu, akaliinamia kwa uso wa huruma, na likiwa limekunjamana pembeni alilinyoosha kwa kidole gumba. Kisha alizungumza na wasaidizi wake kwa lugha ya kitaalamu, wote wakaitikia kwa vichwa, wakahamia kitanda kinachofuata. Miaka sita nilimfuata, na sikuwahi kumwona akilivunjia faili heshima.

Wagonjwa aliwaita kwa namba za vitanda. "Majina," alituambia siku moja, "yanakuja na kuondoka. Lakini Kitanda cha Tano kimekuwa Kitanda cha Tano tangu nchi ipate uhuru."

Ndipo siku moja kwenye Kitanda cha Kumi na Moja akalazwa Bi Zamoyoni Mkumbukwa.

*

Bi Zamoyoni alikuwa na umri wa miaka sitini na saba. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mpishi wa shule ya msingi, mwanamke mnene wa mikono, mwenye sauti ya kusikika kutoka jikoni hadi darasa la mwisho. Alikuja na presha iliyopanda na miguu iliyovimba kama mihogo iliyolowekwa. Akapewa vidonge vya kushusha presha na vidonge vya kutoa maji mwilini, na kwa siku nne tu miguu ikanywea, akaanza kuulizia lini atarudi kwake.

Badala ya kurudi, akaanza kuanguka.

Alianguka kila siku saa nne, sisi tukiingia. Bi Zamoyoni alikuwa mtu wa adabu za zamani: akiona wakubwa wanakuja, husimama. Basi akisimama, macho yanamtoka, mikono inatafuta pa kushika, na chini huyo, puu! Profesa alisimama juu yake akiwa na faili mkononi.

"Daktari," alisema Bi Zamoyoni siku ya kwanza, akiwa bado sakafuni, "mimi naona hivi..."

"Kitanda cha Kumi na Moja kinaongea," Profesa aliwaambia wasaidizi. "Andika hapo: mgonjwa anaongea."

Wakaandika. Siku ya pili wakaandika: *mgonjwa bado anaongea.* Siku ya tano wakaandika: *hali imezidi, sasa anataka kusikilizwa.* Profesa akapiga mstari chini yake kwa wino mwekundu.

Habari za mwanguko huo zikaenea. Wanafunzi wa udaktari wakaja na kamera. Mabingwa wa wodi nyingine wakaja, wakatazama saa, wakamtazama Bi Zamoyoni, na alipoanguka wakapeana mikono. Profesa akautangaza kuwa ugonjwa mpya, akauita Mwanguko wa Lugendo, kwa heshima ya aliyeugundua. Aliyekuwa akianguka hakutajwa.

Wakati huohuo palitokea jambo jingine, ambalo mimi sikulihusisha kabisa na hili la kwanza. Kuku wa jikoni, waliokuwa wakirandaranda chini ya madirisha ya Wodi ya Saba, walianza kupepesuka. Jogoo mmoja alijaribu kuwika, akalala ubavu. Wizara ya Mifugo ilituma wataalamu watatu mara moja. Walichuchumaa, wakawashika kuku mmoja mmoja, wakawatazama machoni, wakawauliza wapishi: huyu anakula nini, anakunywa nini, alianza lini, jana alikuwaje? Niliona jinsi walivyoshughulika, nikaionea fahari serikali yangu.

*

Ijumaa Profesa alikata shauri. Alisema kwa lugha ya kitaalamu kwamba Alhamisi ijayo Kitanda cha Kumi na Moja kifunguliwe kichwa, ili waone ndani kuna nini. Katika maneno yale yote palikuwa na moja tu la Kiswahili, kwa sababu Profesa alikuwa akimwonyesha fundi wa chumba cha upasuaji mahali pa kukatia. Bi Zamoyoni alilidaka.

Tulipokuwa tunaondoka alinivuta shati.

"Mwanangu karani, nimesikia neno kichwa. Ni kichwa cha nani?"

"Cha Kitanda cha Kumi na Moja, bibi. Usiwe na wasiwasi."

"Kitanda cha Kumi na Moja si hiki nilicholalia?"

"Ndicho."

"Na kitanda hiki kina kichwa gani zaidi ya changu?"

Nilikiri kwamba kwa upande huo hoja yake ilikuwa na uzito.

"Sasa mbona hawajaniambia?"

Nilitabasamu kwa upole. Wananchi wetu wengi bado hawajafikiwa na elimu. "Bibi," nilimwambia, "wewe si daktari. Wakikuambia utafanya nini?"

Alichukua kanga yake, akajifunga kichwani, akakaza mafundo mawili, halafu akaongeza la tatu. Tangu siku hiyo hakuivua tena, hata wakati wa kuoga. Nilimwona pia akigeukia ukutani, mabega yanatikisika. Nikaandika kwenye daftari langu kwamba raundi ilikwenda vizuri.

*

Jumamosi Waziri wa Afya, Mheshimiwa Telesfori, alirudi kutoka nchi ya mbali yenye theluji, alikokwenda kwenye mkutano wa wiki mbili kuhusu wagonjwa. Alihutubia palepale uwanja wa ndege, koti la baridi likiwa bado mwilini na jasho likimtiririka.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Dunia imetuacha! Wenzetu wamemweka mgonjwa katikati! Nasema katikati! Na sisi je? Mgonjwa wetu yuko wapi? Yuko pembeni! Yuko ukutani! Nimelia, ndugu zangu. Nililia hotelini. Natoa siku nne, kila mgonjwa wa nchi hii awe katikati, na afanyiwe maadili mpaka atosheke!"

Makofi yalipigwa. Tume ikaundwa jioni ileile, ikaingia mahospitalini na futi kamba, na Jumatatu ikaleta taarifa ya kutisha: vitanda vyote nchini, bila kubakiza hata kimoja, vilikuwa vimesogezwa ukutani. Waraka ukatoka. Uzinduzi ungefanyika Jumatano, Wodi ya Saba, saa nne asubuhi, Mheshimiwa mwenyewe akiwapo na televisheni ya taifa ikirusha moja kwa moja. Mgonjwa wa mfano angekuwa Kitanda cha Kumi na Moja, kwa kuwa wagonjwa wengine walikuwa wamelala tu, na televisheni hupenda kitu chenye mwendo.

Mchoraji wa alama za barabarani akaletwa, akachora duara jeupe katikati ya wodi. Kitanda cha Bi Zamoyoni kikasukumwa ndani ya duara, yeye akiwa juu yake, kanga kichwani, ameshikilia vyuma kwa mikono yote miwili. Kisha ikaja Kamati ya Maadili. Mwenyekiti wake, bwana mwembamba mwenye sauti ya kunong'ona, alitueleza kwamba haifai tena kumsalimia mgonjwa bila idhini yake. Alikuwa na Fomu ya Ridhaa ya Kusalimiwa, kurasa kumi na moja, inayohitaji mashahidi wawili wasio wagonjwa. Kwa upande wa siri za mgonjwa, wale wanawake ishirini na tisa waliobaki walipangwa mstari wakaapishwa kwamba Jumatano hawatasikia kitu.

Ratiba nilichapa mimi mwenyewe. Nilitia urembo wa maua pembeni. Ilisomeka hivi: saa nne kamili, mgonjwa ataanguka. Saa nne na dakika tano, atainuliwa. Saa nne na dakika saba, Mheshimiwa atamuuliza mgonjwa kama ana swali. Saa nne na dakika nane, mgonjwa atajibu, "Sina, Mheshimiwa, nashukuru sana."

*

Aliyetumwa kumpelekea Bi Zamoyoni zile fomu Jumanne alasiri alikuwa Sista Hobokela. Huyu alikuwa muuguzi wa kawaida, mfupi, mwenye viatu vilivyoisha visigino. Zamu nyingi alikuwa peke yake kwa wagonjwa thelathini, na bado alipata nafasi ya kukosa nidhamu, kama mtakavyoona.

Viti vyote vya wodi vilikuwa vimepelekwa kwenye hema la wageni. Sista Hobokela akachukua ndoo ya kufanyia usafi, akaigeuza, akaikalia, hapo mbele ya Bi Zamoyoni. Nilikuwa karibu, nabandika riboni, na kwa masikio yangu nilisikia.

"Shikamoo, mama."

Ridhaa ilikuwa haijajazwa hata ukurasa wa kwanza.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuninyoa?"

"Hapana, mama. Nimeletewa makaratasi, lakini hebu yangoje. Nieleze wewe. Ukiamka asubuhi unafanya nini, mpaka ile saa unayoanguka?"

Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu mtu amuulize jambo. Bi Zamoyoni akaanza, na alikuwa kama chungu kilichofunuliwa kifuniko.

"Naamka. Nasali. Saa kumi na mbili anakuja yule binti wa zamu na daftari la bluu, anaita, 'Zamoyoni Mkumbukwa!' Nasema naam. Ananipa vidonge vyangu, viwili vyeupe na kimoja cha manjano. Nameza. Nakunywa uji. Saa mbili anakuja yule kijana wa ofisi ya Profesa na daftari jekundu, anaita, 'Kitanda cha Kumi na Moja!' Nasema naam. Ananipa vidonge, viwili vyeupe na kimoja cha manjano. Nameza. Halafu ndio naanza kuona wodi inazunguka."

Sista Hobokela aliweka makaratasi sakafuni. "Mama, unameza vyote? Mara mbili?"

"Sasa nibakize? Mwanangu, miaka thelathini na mmoja nimesimama mlangoni mwa bwalo nikiwaambia watoto wa watu, hapa hapabakizwi kitu. Leo nibakize mimi? Nilitaka kumwambia daktari kwamba naona dawa zinanizidi. Kila nikifungua mdomo wanaandika."

Sista akaruka kutoka kwenye ndoo kama aliyekalia siafu.

Alikwenda moja kwa moja kwa Profesa, bila kupitia kwa Muuguzi Mkuu wala kwa msaidizi wa Muuguzi Mkuu. Profesa, kwa ukarimu wake, alimsikiliza akiwa anasoma. Kisha aliagiza madaftari yote mawili yaletwe, akayachungulia juujuu.

"Sioni kosa," alisema. "Zamoyoni Mkumbukwa amepewa dawa zake, na sahihi hii hapa. Kitanda cha Kumi na Moja kimepewa dawa zake, na sahihi hii hapa. Hakuna aliyerukwa. Kosa liko wapi?"

"Profesa, huyo ni mtu mmoja."

"Kwa daftari gani?"

Sista Hobokela alishindwa kutaja daftari. Jioni ile alipokea barua ya kumtaka ajieleze kwa maandishi kwa nini asichukuliwe hatua za kinidhamu, kwa kosa la kuikalia ndoo ya serikali mbele ya mgonjwa na kufanya mazungumzo. Alikunja barua, akaitia mfukoni, akarudi kwenye duara jeupe.

"Mama," alinong'ona, "kesho vile vya kwanza meza. Vya pili usimeze. Nakuomba kama mama yangu mzazi."

"Nivifanye nini?"

"Vitie chini ya mto."

"Nibakize," alisema Bi Zamoyoni, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeombwa aibe.

"Ubakize, mama. Keshokutwa wanataka kukipasua, na ni kichwa chako."

*

Jumatano wodi ilipendeza. Mapazia yalikuwa mapya, wagonjwa walivalishwa sare zenye picha ya Mheshimiwa kifuani, na bendi ya polisi ilikaa kati ya Kitanda cha Tatu na cha Nane, mpiga tarumbeta akiwa amebanwa na dripu. Saa nne kasoro dakika tano Mheshimiwa aliingia. Profesa akiwa na fimbo ya kuonyeshea alitueleza historia ya ugonjwa wake. Sote tukazunguka duara jeupe, watu arobaini na sita, niliwaandika wote.

Saa nne kamili Bi Zamoyoni aliona wakubwa, akasimama.

Ngoma ya bendi ilipiga mdundo mmoja mrefu. Wapiga picha wakapiga magoti.

Bi Zamoyoni alisimama. Aliendelea kusimama. Akaweka mikono kiunoni.

Mheshimiwa alitazama saa yake, akatazama ratiba. "Profesa," alisema bila kufungua meno, "mbona haanguki?"

"Ataanguka, Mheshimiwa. Huwa hakosi."

Dakika mbili zikapita. Bendi ikarudia mdundo. Profesa alimsogelea Bi Zamoyoni, jasho juu ya mdomo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi akamwambia mgonjwa neno uso kwa uso.

"Anguka basi," alisema.

"Leo sisikii kizunguzungu, mwanangu," alisema Bi Zamoyoni. "Nisamehe. Ningeanguka kwa kukufurahisha, ila goti linauma."

Kicheko kilitoka upande wa Kitanda cha Ishirini. Mheshimiwa, ambaye alikuwa mwanasiasa mzoefu, aliona televisheni bado inarusha, akaruka kipengele na kwenda cha mbele. Akakunjua uso, akasoma kwenye kadi kwa sauti ya ibada:

"Mama yetu mpendwa! Wewe uliye katikati! Je, una swali lolote?"

Mimi nilikuwa nyuma ya kamera, nikiinua juu bango lenye jibu kwa herufi kubwa. Bi Zamoyoni alilisoma. Aliligeuzia shingo huku na huku, kama anayeonja mchuzi.

"Ninalo, Mheshimiwa," alisema.

Nikaliinua bango juu zaidi.

"Nataka kuuliza, mimi ni watu wangapi?"

"Samahani?"

"Saa kumi na mbili kuna Zamoyoni, anapewa dawa. Saa mbili kuna Kitanda cha Kumi na Moja, anapewa dawa. Wote wawili wanameza kwa koo langu. Leo nimemeza za Zamoyoni tu, na unaniona nimesimama. Kesho nimepangiwa kupasuliwa kichwa. Nauliza, ni kichwa cha yupi? Maana kama ni cha Kitanda, mimi nitashuka, mkipasue."

Ndipo Mama Siwatu wa Kitanda cha Kumi na Mbili, mwanamke aliyeapa jana yake kwamba hatasikia kitu, akajiinua kwa kiwiko.

"Kwani wewe ulikuwa unameza na za pili?" alisema kwa mshangao mkubwa. "Ah! Dada yangu! Sisi wote tunapewa mara mbili. Za pili tunatupa dirishani!"

"Tunatupa dirishani!" waliitikia wengine kutoka kila kona.

"Mbona hamkusema?" alifoka Profesa.

"Nani alituuliza?" alisema Mama Siwatu.

Profesa alikwenda dirishani. Sote tulimwona akiinamisha kichwa nje. Chini, kati ya vidonge vyeupe na vya manjano, wale kuku walikuwa wamelala chali, miguu juu, wakipunga hewa. Aliporudi aliomba madaftari mawili, akayaweka juu ya kitanda, la bluu huku, jekundu huku, akayasoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Sijui kama nitaeleza vizuri, lakini uso wake ulibadilika. Ulikuwa uso wa kijana aliyewahi kuapa kiapo cha udaktari siku moja akiwa anakiamini.

"Profesa," Mheshimiwa alinong'ona, "kwani ni watu wangapi?"

"Mmoja, Mheshimiwa."

"Na dawa?"

"Za wawili."

Kisha akafanya jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba. Aliivuta ndoo kutoka chini ya kitanda, akaigeuza, akaikalia. Suti yake iliingia vumbi. Mwenyekiti wa Kamati ya Maadili aliruka mbele na kurasa zake kumi na moja: "Profesa! Ridhaa! Hajasaini!"

"Shikamoo, mama," alisema Profesa.

"Marahaba, baba," alisema Bi Zamoyoni. Naye akakaa kitandani, ili macho yao yawe sawa. "Siku ishirini na mbili nakungoja."

"Nimekosa, mama. Nilikuwa nakupa sumu kwa mkono wangu, na kesho ningekupasua bure."

"Umekosa kweli," alisema. "Lakini umekuja. Umekula?"

Mhariri wa televisheni ya taifa hakuwa na mwongozo wa daktari kuomba radhi, kwa hiyo akaweka wimbo wa uzalendo na picha ya bwawa.

*

Taarifa ya habari ya siku ile ilieleza kwamba mgonjwa aliyekuwa akianguka kwa wiki tatu alipona papo hapo mara tu kitanda chake kilipowekwa katikati, kwa jitihada za Mheshimiwa. Mheshimiwa aliagiza vitanda vyote nchini viwekwe katikati. Kwa kuwa katikati ya chumba ni moja, hospitali nyingi zilivipandanisha. Daftari la bluu na daftari jekundu hayakufutwa, ila liliongezwa la kijani, la kuyapatanisha. Sista Hobokela alipata bahasha moja yenye karatasi mbili: cheti cha mfanyakazi bora na onyo kali. Vyote vilisainiwa na mtu yuleyule, siku ileile. Alisema atavitundika pamoja, maana vimezoeana.

Bi Zamoyoni alitoka Ijumaa kwa miguu yake, kanga mabegani. Alipitia jikoni akawaonyesha wapishi wa hospitali jinsi ya kukaanga vitunguu bila kuviunguza, akawakaripia kidogo, akaenda kwake. Mimi nilimbebea mkoba mpaka getini. Sijui kwa nini nilifanya hivyo, haikuwa kazi yangu. Getini nilimwambia, "Bibi, nilikujibu vibaya siku ile ya kichwa." Akanipiga kofi dogo la shavuni, la kimama kabisa, na kusema, "Ukijua umejibu vibaya, tayari umeanza kujibu vizuri."

Kuhusu Profesa, Jumatatu iliyofuata aliingia wodini na wasaidizi watatu tu, wengine aliwaacha nje. Tulikuwa na mgonjwa mpya, Bi Nyamizi, kikongwe wa zaidi ya miaka themanini kutoka vijiji vya mbali, aliyelazwa hospitali mara nyingi maishani mwake na mwenye uzoefu wa raundi. Profesa hakuomba faili. Alivuta kiti, akakaa, akamshika mkono.

"Shikamoo, bibi. Jina lako nani? Umelalaje? Ni jambo gani linakusumbua kuliko yote?"

Bi Nyamizi alimtazama yeye, akatutazama sisi, akautazama mkono wake ndani ya mkono wa Profesa. Macho yake yakajaa maji.

"Mwanangu," alisema taratibu, "ni leo?"

"Leo nini, bibi?"

"Usinifiche. Daktari mkubwa kama wewe kunikalia, kunishika mkono, kuniuliza nilivyolala... Niambie tu. Nitamwahi mjukuu wangu anayekuja kesho, au ndio basi?"

Profesa hakumwachia mkono.

"Hapana, bibi. Una vidonda vya tumbo. Vitapona. Alhamisi utakwenda nyumbani."

"Sasa jina langu la nini?"

"Nilitaka kulijua tu."

Kikongwe alimpima kwa jicho moja. Kisha akajifuta machozi, akajisogeza kumpa nafasi pembeni ya kitanda.

"Basi kaa vizuri," alisema. "Jina langu nilipewa na bibi mzaa baba, na ilikuwa ugomvi."

Raundi ya siku ile ilikwisha saa tisa alasiri.